Shukrani Aliyoichelewesha Isbrand Hiebert

Isbrand Hiebert alikuwa akiombea chakula mpaka supu inapoa. Hilo tulilijua sote tunaokaa huku kusini mwa Manitoba, Kanada, na tulilifanyia mzaha hata mbele yake. Mume wangu Abram, ambaye shamba lake limepakana na la Hiebert, alipenda kusema kwamba ukialikwa kule, kula kwanza nyumbani. Lakini haukuwa unafiki. Isbrand alishukuru kwa sababu moyo wake ulikuwa na shukrani kweli: kwa mvua ya Juni, kwa ngano iliyoingia ghalani kabla ya theluji, kwa mke wake Justina, kwa trekta lililokubali kuwaka asubuhi ya baridi kali. Akiinamisha kichwa, sauti yake ilishuka ikawa laini, sauti ambayo hakuwahi kuitumia akizungumza na binadamu mwenzake.

Shamba lilikuwa lao wawili, yeye na mdogo wake Kornelius, ambaye sisi tulimwita Knels. Baba yao aliwaachia pamoja, na wao wakagawana kazi bila hata kuketi kujadiliana. Mashamba ya ngano na alizeti yalikuwa ya Isbrand. Ng'ombe walikuwa wa Knels. Kwa hiyo kiangazi ungemwona Isbrand kila mahali, na kipupwe ungemwona Knels, maana theluji ikishaanguka kazi yote iliyobaki ni ya ng'ombe: kuwapelekea marobota ya nyasi kavu kabla hakujapambazuka vizuri, kuvunja barafu kwenye birika lao la maji, kuwatandikia mabua makavu, kisha kurudia yote hayo kabla jua halijazama. Mwezi wa pili na wa tatu ndipo wanapozaa, na ndama aliyelowa anayeangukia kwenye theluji hana muda mrefu wa kuishi.

Knels alikuwa mcheshi. Alikuwa mfupi kuliko kaka yake, na kofia yake ya manyoya ilimfunika mpaka kwenye nyusi. Zamani, wakati bado wanakula meza moja, yeye ndiye pekee aliyeweza kumkatiza Isbrand katikati ya maombi. Angefungua jicho moja na kusema, "Kaka, malizia basi, Mungu naye ana wageni wengine." Na Isbrand angesema amina huku akizuia kicheko.

Kisha Tina akaugua. Tina alikuwa mke wa Knels, mwanamke mpole aliyeimba sauti ya pili kanisani, na saratani ilimpata mwaka ambao binti yao Lenora alianza shule. Kanisa lilifunga na kuomba. Isbrand alikuwa shemasi, akaongoza maombi hayo mwenyewe, na mara nyingi alimwambia mdogo wake asitie shaka hata kidogo, kwa kuwa shaka ndiyo inayofunga mlango. Tina alifariki mwezi wa Novemba, ardhi imeshaganda, na wanaume walilazimika kuchoma mabua juu ya udongo ili sururu ziingie.

Baada ya mazishi, familia ilirudi kula kwa Isbrand. Mimi na Abram tulikuwapo. Isbrand aliinamisha kichwa, akamshukuru Mungu kwa kumpumzisha Tina, akashukuru kwa njia zake zisizochunguzika. Knels hakuinamisha kichwa. Alikuwa ameketi wima, anatazama mkate.

"Mimi sina cha kushukuru hapa," alisema.

Isbrand hakufungua macho. "Katika nyumba hii," akasema, "anayekula anashukuru."

Knels akachukua kofia yake, akatoka nje. Justina alimfuata hadi mlangoni, akarudi peke yake. Baadaye sana Isbrand alituambia kwamba alidhani jambo lile lingeisha baada ya wiki moja. Halikuisha. Knels hakuketi tena kwenye meza ile. Nyumba yake ndogo ilikuwa upande wa pili wa uwanja huo huo, ng'ambo ya banda la trekta, na huko ndiko alikokula. Lenora, binti yake, alikula popote alipotaka, mara huku mara kule, na hakuna aliyemzuia. Justina naye kila akipika vereniki, maandazi ya kuchemsha yenye jibini ndani, au supu ya kabichi, alijaza sufuria ndogo, akaifunga kwa taulo, akavuka uwanja nayo. Isbrand aliona kila siku. Hakumkataza, wala hakuuliza. Nadhani alijiona mwema kwa kutokuuliza.

Ndivyo walivyoishi miaka mingi, ndugu wawili wanaofanya kazi bega kwa bega na kuzungumza habari za ng'ombe tu. Hawakugombana. Ungewakuta wamesimama kwenye uzio, mmoja anasema yule mwekundu ataanza uchungu jioni, mwenzake anasema labda kesho. Knels aliacha kabisa kwenda kanisani. Jumapili asubuhi, sisi tukipita na magari yetu, tulimwona juu ya trekta anawalisha ng'ombe ili Isbrand awahi ibada. Lenora alipokua alihamia jimbo la Alberta, mbali magharibi, akapata kazi ya kutunza wagonjwa na akaolewa huko.

Dhoruba ninayotaka kuieleza ilikuja mwezi wa tatu, Jumamosi asubuhi. Isbrand alikuwa kitandani na homa ya mapafu, hana nguvu hata ya kukaa. Justina alikuwa anamuuguza. Upepo uliongezeka kabla ya saa sita mchana, na theluji ikawa inakwenda kwa ubavu, kiasi kwamba sisi hatukuona ghala letu wenyewe kutoka dirisha la jikoni. Abram alitaka kwenda kwa Hiebert kuwasaidia. Alifika kwenye lango letu akageuka. Simu ilikuwa imekatika, umeme unakuja na kuondoka.

Mitamba, wale wanaozaa kwa mara ya kwanza, walikuwa kwenye kibanda cha mbali nyuma ya miti inayozuia upepo. Knels alikwenda huko kwa kushikilia waya wa uzio, nguzo kwa nguzo. Alikuta mmoja amekwama, ndama ametanguliza mguu mmoja tu. Alivua glovu ili aingize mkono kuutafuta mguu wa pili, akamvuta, akamsugua kwa mabua mpaka akapumua. Alipotaka kuvaa glovu, ilikuwa imelowa na kuganda ngumu kama kiatu. Alikaa huko na wale mitamba sehemu kubwa ya mchana, mkono ameuficha kwapani, akihakikisha kila ndama ananyonya dang'a, maziwa ya kwanza ya mama yake, kabla hajapoa.

Wakati wa kurudi ndipo alipopita nyuma ya nyumba ya kaka yake na kuona kitu kilichomsimamisha. Theluji ilikuwa imejijenga ukutani hadi usawa wa madirisha, na bomba la tanuri la kupashia nyumba joto, lile linalotoa moshi nje, halikuonekana kabisa. Aligonga mlango, hakuna aliyeitika. Alifukua kwa mikono, maana koleo lilikuwa mbali, mpaka bomba likatokeza. Kisha akaingia ndani bila kuvua viatu, akazima tanuri, akafungua madirisha ili ile gesi ya sumu iliyorudi ndani itoke. Justina alikuwa ameinamia meza, kichwa kinamgonga, anatapika, haelewi kwa nini. Isbrand alikuwa hazinduki vizuri. Knels aliwafunika kwa blanketi zote zilizokuwamo nyumbani, akawaketisha karibu na dirisha lililo wazi, na kila mara akawapiga vibao vidogo mashavuni.

"Shemeji, niambie nani aliyetengeneza pazia hili baya," alimwambia Justina, ili tu azungumze.

"Mimi," Justina akasema.

"Basi usilale, ulishone upya."

Justina ndiye aliyenisimulia hayo, na kila mara alipofika hapo alicheka na kulia kwa pamoja. Barabara zilipofunguliwa, Jumatatu, Isbrand alipelekwa hospitali na Knels alipelekwa pia. Isbrand alipona. Knels alikatwa vidole viwili vya mkono wa kulia, na kipande cha kile cha tatu.

Kanisa letu huwa na nafasi ya ushuhuda kabla ya wimbo wa mwisho. Jumapili ya kwanza aliyoweza kusimama, Isbrand alisimama. Alikuwa amekonda, suti inamning'inia. Alisema Mungu alikuwa mwaminifu katika dhoruba. Alisema nyumba yake ilikuwa imekuwa kaburi, na Bwana akamtuma malaika wake kufukua mlango wa pumzi. Alilia. Wengi walilia. Wimbo ule wa mwisho tuliuimba kwa nguvu kuliko kawaida. Jina la Knels halikutajwa.

Justina hakuimba. Ndani ya gari, kama alivyonieleza, alisubiri mpaka wamefika barabara ya changarawe, ndipo akamuuliza mumewe, "Malaika gani huyo anayekatwa vidole, Isbrand?"

Isbrand alimjibu kwamba kila jema hutoka kwa Mungu, na kwamba Knels mwenyewe asingependa kutajwa kanisani, mahali asipotaka kukanyaga. Justina akamwambia basi asimtaje kanisani, amtaje nyumbani kwake, uwanja ule ni hatua chache tu. Isbrand akasema atakwenda.

Nasema kweli kwamba alikusudia. Alituambia mwenyewe, miaka baadaye, jinsi alivyovaa viatu siku ile ile, akasimama barazani, akaona taa ya jikoni ya mdogo wake, akashindwa kujua ataanza vipi. Angesema asante, na Knels angesema si kitu, kisha kungebaki kimya, na katika kimya kile lingekuwamo jina la Tina, na mambo yale ya shaka na mlango. Akavua viatu.

Wiki hiyo Knels alikuja mjini kunywa kahawa pale dukani ambapo wakulima hukutana. Mkono ulikuwa kwenye bandeji. Abram, ambaye ulimi wake haujui kusubiri, alimpokea kwa utani: "Haya, mpisheni malaika, ana mabawa mapana."

Knels alicheka, kisha akauliza wamepata wapi neno hilo. Wakamweleza ushuhuda wa kaka yake, kila mmoja akiongeza kipande chake, na hakuna aliyegundua haraka kwamba yeye ameacha kucheka.

"Jina langu alilisema?" aliuliza.

Abram alitikisa kichwa. Alirudi nyumbani akanieleza, na hakula mchana ule.

Jioni yake Justina alivuka uwanja na sufuria kama kawaida. Knels alimfungulia, akamshukuru, lakini hakuipokea. "Shemeji, usijisumbue tena," alisema. "Malaika hali chakula." Alisema kwa tabasamu, na tabasamu ndilo lililomuumiza Justina zaidi. Alirudi na sufuria yake ikiwa bado ya moto, akaiweka mbele ya Isbrand.  Na Isbrand, Mungu amsamehe, akaiombea.

Kipupwe kilichofuata walifanya kazi pamoja tena. Knels alijifunza kushika kamba kwa mkono wa kushoto. Asubuhi moja ya mwezi wa kwanza, baridi ikiwa imetulia na pumzi za ng'ombe zimesimama juu yao kama ukungu, walikuwa wanakata kamba za marobota, na Isbrand akaona kwamba huu ndio wakati. Hapakuwa na mtu mwingine.

"Knels," alisema. "Ile siku ya dhoruba."

Knels aliacha kukata. Akaweka kisu mfukoni, akamgeukia. "Enhe," alisema.

Isbrand ametusimulia kwamba uso wa mdogo wake wakati ule ulikuwa uso wa utotoni, wakati anasubiri kuambiwa kama ataruhusiwa kupanda farasi. Alikuwa anangoja. Na Isbrand, ambaye angeweza kuomba nusu saa bila kurudia neno, aligeuza macho kwenye uzio.

"Lile lango la kusini," akasema. "Ulilifungaje, na theluji yote ile?"

Knels alimtazama kidogo. "Kwa waya," alijibu. Akangoja tena kidogo. Kisha akapanda trekta akaliwasha, na kelele ya injini ikamaliza mazungumzo.

Mwezi wa tano, ndama wote wakiwa wameshakwenda malishoni na mama zao, Knels alimwambia kaka yake kwamba anahamia Alberta kwa binti yake. Isbrand aliuliza kama atarudi msimu wa kuzaa. Knels akamwambia atafute mtu. Alipakia vitu vyake kwenye pikapu, na kwa kuwa havikuwa vingi, kazi hiyo iliisha kabla ya chai. Alikuja kutuaga. Nilimpa mkate na soseji za njiani, naye akazipokea kwa furaha, akamtania Abram kwamba asisogeze uzio kidogo kidogo akidhani hakuna anayeona. Na Isbrand alipeana mkono, ule wa kulia, wenye vidole vilivyobaki. Isbrand alisema baadaye kwamba hakuwa amewahi kuushika tangu dhoruba. Hata hapo aliusikia mkononi mwake, na hata hapo hakusema.

Mfanyakazi aliyeajiriwa alikaa mpaka Krismasi akaondoka. Alisema mshahara haufanani na baridi. Kwa hiyo kipupwe hicho Isbrand alifanya kazi ya mdogo wake mwenyewe. Sisi tulimsaidia tulivyoweza, lakini asubuhi nyingi alikuwa peke yake na barafu ya birika, anaivunja, inaganda tena, anaivunja. Ndipo alipoanza kuona. Aliona ndoano ndogo ukutani kibandani ambapo Knels alitundika taulo za ndama. Aliona benchi alilojitengenezea kwa mbao za zamani ili apumzike akisubiri mtamba, na akaketi juu yake, akafikiria ni miaka mingapi yeye alikuwa mezani, kwenye joto, anashukuru kwa ng'ombe wenye afya. Justina alimwambia apige simu. Alisema jambo hilo si la simu. Basi nenda, Justina alisema, nenda wiki hii. Alisema atakwenda msimu wa kuzaa ukiisha, maana ng'ombe hawawezi kuachwa.

Lenora ndiye aliyepiga simu. Damu ilikuwa imevia kichwani mwa baba yake. Alikuwa hai, lakini upande wa kulia ulikuwa umekufa ganzi na maneno yamempotea, na madaktari hawakujua kwa hakika anaelewa kiasi gani cha yale anayoambiwa.

Abram alichukua ng'ombe wote wa Hiebert mikononi mwake siku hiyo hiyo, katikati ya msimu wa kuzaa, na Isbrand na Justina wakaendesha gari kupita jimbo zima la Saskatchewan kwenye barabara ya barafu. Walimkuta Knels kwenye nyumba ya kutunzia wagonjwa, ameketishwa dirishani, nywele zimechanwa vizuri kuliko alivyowahi kuzichana mwenyewe. Lenora alimwinamia akasema, "Baba, angalia, baba mkubwa amekuja."

Isbrand aliketi mbele yake na kusema yote. Justina anasema hakuwahi kumsikia mumewe akizungumza namna ile. Alisema asante kwa bomba, kwa ndama, kwa vidole, kwa kila Jumapili ambayo Knels alibaki nje ili yeye aende ibada. Aliomba radhi kwa lile neno la mezani siku ya mazishi ya Tina, na kwa maneno yale ya shaka. Alimwita mdogo wangu. Knels alimtazama kwa adabu, kama mtu anavyomtazama mgeni anayezungumza lugha nyingine. Macho yake yalilowa, lakini Lenora alieleza kwa upole kwamba siku hizi humtoka machozi hata akiona ndege. Wakati fulani aliinua mkono wa kushoto akagusa kola ya koti la kaka yake, akaivuta kidogo, akaiachia.

"Amenielewa?" Isbrand alimuuliza Lenora.

"Sijui, baba mkubwa," Lenora alijibu. "Kuna siku anaelewa."

Walikaa siku chache, wakangoja siku hiyo. Kisha walirudi, kwa sababu ng'ombe hawakuweza kuachwa zaidi.

Knels alifariki kabla ya mavuno, na Lenora akamleta azikwe karibu na Tina. Isbrand alisimama kanisani, na safari hii alieleza kila kitu kwa majina: nani alifukua bomba, nani alinyamaza, na kwa nini. Hakulia. Watu wengine walitazama sakafu, kwa kuwa tuliokuwapo siku ya ule ushuhuda wa kwanza tulijua vilevile nani alifukua bomba, na hatukusema.

Baada ya chakula cha mazishi, Lenora alimkumbatia. "Baba angefurahi kusikia hayo," alisema. Hakukuwa na hasira sautini mwake. "Alikuwa anakungoja sana, baba mkubwa. Kila simu ikilia kabla hajaugua, aliuliza kama ni wewe."

Justina anasema kama Lenora angempiga Isbrand kofi, isingemuuma hivyo.

Ng'ombe waliuzwa majira hayo ya majani kuanguka. Isbrand bado anaamini, bado haachi kanisa, ingawa ushemasi alijiuzulu. Sasa kipupwe hana kazi, na asubuhi anakwenda pale dukani kwenye kahawa, mahali ambapo zamani hakuwa na muda wa kukaa. Wazee wanamsogezea kiti. Yeye haongei sana. Anachotaka ni wamsimulie Knels alikuwa anasema nini pale, mizaha gani, nani alimchokoza na alijibu vipi. Nao wanamsimulia. Kuna mengi. Wakati mwingine anacheka, na anamuuliza Abram kama ni kweli mdogo wake alisema hivyo, na Abram anamwambia ni kweli, alisema, kila mtu alimsikia.